Ngeu

Walijiita Ngeu, na jina halikuwa la uongo:
usiku wa kwanza Thuweni alijigonga paji kwa maikrofoni
akaimba nyimbo tatu damu ikimwingia machoni.

Gereji ya mjomba wake, Wadi Kabir,
nyuma ya duka la matairi, Alhamisi, mafundi wakishaondoka.
Mwezi wa saba. Feni moja, nayo tuliizima,
umeme haukutosha feni na gitaa.

Watu thelathini, tuseme arubaini.
Wafilipino wawili waliojua kila kitu kuhusu nyaya,
Mbaluchi mwenye spana mfukoni, sijui ya nini,
na sisi, watoto wa waliorudi,
Kiswahili chetu cha jikoni, Kiarabu chetu cha kuchekwa.

Harith alijua nota tatu, ya nne akiikisia.
Rayya kwenye ngoma, pekupeku,
abaya kaikunja magotini kama anayevuka wadi iliyojaa,
na kila akiipiga sahani
kopo la misumari lilisogea rafuni, likasogea,
sote tukilitazama,
mpaka lianguke.

Nyimbo zenyewe dakika moja na nusu.
Tuliyoipenda ilikuwa matusi ya bibi yake Thuweni,
ya siku aliyovunja sinia la harusi:
*Huna haya!* anapasua koo, nasi: *Wala huna lako!*
Wafilipino nao: *Wala huna lako!*
Hawajui maana, mishipa imewatoka shingoni.
Hapo ndipo kiwiko cha mtu kilipolikuta jino langu.
Nyumbani nilisema nimeteleza bafuni.
Mama akaninunulia kandambili mpya.

Halafu ule usiku wa lifti.
Alipanda kwenye lifti ya magari, akamwashiria Harith abonyeze,
akapaa, anaimba, mgongo karibu na mabati,
na pale juu ikakwama.
Wimbo ukaisha. Akaanza mwingine. Ukaisha.
Nyimbo zao zote zikaisha akarudia ya kwanza, sauti imebaki uzi,
sisi chini tumelala juu ya maboksi, tunacheka, tunalia,
mpaka alfajiri fundi Biju alipofungua mlango,
akatutazama, akatazama juu, akasema:
mafuta ya haidroliki yamekwisha, niliwaambia tangu Jumatatu.

Gereji iliuzwa. Rayya yuko Doha, mfamasia.
Sikio langu la kushoto linavuma hadi leo,
daktari akanipa matone, sijayafungua.

Juzi wizarani, namba mia na tatu, dirisha la nne.
Kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Tumbo kidogo.
Akaisogeza kofia ajikune, nikaiona kovu, ndogo kama punje ya mchele.
“Fotokopi haisomeki,” akasema. “Rudi Jumapili.”
Nikainama kwenye kitobo cha kioo:
“Huna haya.”
Foleni nzima ikanigeukia.
Yeye hakuinua macho, aliipanga karatasi yangu, akaibana kwa pini.
“Wala huna lako,” akasema,
akabonyeza kengele.
Mia na nne.