Miundu ya Sheffield

Mji huu ulifua miundu;
iliyobaki imo makumbushoni, chini ya kioo.
Yangu nayo i chini ya kioo:
tone la Khelefu. Si zamu yangu;
nimemwomba Priya aniachie darubini.

Seli nzima hujikunja, ikapenya
kishipa chembamba kuliko yenyewe,
ikatokea upande wa pili, ikajikunjua
kama haikuona dhiki.
Hizi zimepinda, zimekakamaa,
zimeziba mlango,
hakuna impishayo mwenziwe.

Baridi ya kiwanja cha mpira, wamesema.
Dakika ishirini tu, bila glavu.

Wodini Dokta Hargreaves anauliza:
"Maumivu, moja hadi kumi?"
Mwanangu anaitazama theluji dirishani.
"Nane."
Mbili kanifichia mamake.