Mfuko Namba Kumi na Tisa

Kila kijana ana mfuko wake wa wavu, kila mfuko una namba,
na mimi, Nélida, ninayefua chini ya jukwaa la kusini,
nilikatazwa siku ya kwanza kujifunza majina.
"Utaumia bure," alisema bwana wa stoo.
Miaka ishirini na sita. Nimeumia, na si bure.

Jumapili dari hutikisika, chembe za saruji hunidondokea nyweleni:
ndivyo nijuavyo kwamba tumefunga.
Mpira wenyewe siutazami. Nasoma soksi.
Yule beki huteleza kabla hajafikiri,
goti lake la kushoto halitakati hata kwa sabuni ya kipande.
Kipa mdogo anatafuna ncha za glavu.
Anayeficha damu huigeuza soksi nje-ndani
akidhani maji hayana macho.
Na foronya za Jumatatu, baada ya simu za nyumbani,
hizo sizisemi.

Kumi na tisa alikuja kutoka Chaco, saa kumi na mbili ndani ya basi,
miaka kumi na mitatu, kaptura ikimpita magoti.
Gaspar Ledezma. Baba yake anachoma mkaa;
fulana aliyokuja nayo niliifua mara tatu
ndipo moshi ukakubali kutoka.
Mguu wa kushoto, walisema makocha wakipita kwenye ngazi yangu,
mguu ule ungeweza kufungua kopo.
Lakini hakurefuka.
Wakampiga picha ya mifupa ya kiganja
kuona amebakiza urefu kiasi gani,
kama dereva anayechovya kijiti kwenye tangi la mafuta.

Siku moja, mfukoni mwa kaptura yake, karatasi iliyolowa.
Nikaikunjua, nikaipitishia pasi. Saini.
Mara hamsini, sitini, saini yake mwenyewe,
herufi ya L ikirefusha mkia mstari hadi mstari,
ya mwisho ikichungulia nje ya ukingo.
Nikaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa,
nikairudisha.
Kuna vitu mfua nguo hakuviona.

Namba saba, Ulises, alipanda. Ghafla tu, Agosti:
winga wa kikosi cha kwanza alivunjika,
mtoto wa watu akaingia dakika ya themanini
na saruji ikaninyeshea kichwa kizima.
Nguo zake sasa zinafuliwa juu, kwa mashine zisizopiga kelele.
Akinikuta kwenye maegesho hunipungia mkono,
kisha hukumbuka kuvaa miwani.
Simlaumu. Mlango ule ni mwembamba,
anayepita hupita na ngozi yake tu.

Desemba, joto la kuyeyusha lami,
ofisi ya ghorofa ya pili huwaita mmoja mmoja.
Hazizidi dakika sita; nimezipima kwa mzunguko wa kukamua,
anapanda nguo zikianza kuzunguka,
anashuka hazijatulia.

Kumi na tisa alishuka na mfuko umefungwa fundo.
Hakulia. Aliuliza kama mashine ile ya pembeni
bado inatembea yenyewe ikizidiwa mzigo.
Bado, nikamwambia.
Nikafungua daftari la makabidhiano.
Soksi, jozi nne. Zipo.
Kaptura tatu. Zipo.
Jezi nne.
Zilikuwa tatu.
Akatazama sakafu. Begi lake lilikuwa limetuna upande mmoja.
Nami nikaandika kama nilivyowaandikia wengi kabla yake:
jezi moja, imeliwa na mashine.
Siku klabu itakapopiga hesabu itagundua
kwamba mashine yangu hushikwa na njaa kila Desemba.

"Weka saini hapa," nikasema.
Akashika kalamu. Akavuta pumzi kama mpiga penalti.
Na ile L ikashuka, ikavuka mstari wangu,
ikavuka kisanduku cha tarehe, ikafika ukingoni,
ikaandika meza kidogo.

Februari mfuko utapata mwenyewe mwingine.
Meza nimekataa isipigwe dasta.