Toa Nne

Mbarara, saa tatu asubuhi, ofisi ya ushirika wa maziwa.
Jenereta inakohoa nyuma ya ukuta
na benki imerudisha malipo ya watu kumi na mmoja.
Majina hayalingani, wanasema.
Wote kumi na mmoja wana majina marefu.

Jeninah Tumuhimbisibwe amekuja mwenyewe,
kitambulisho mkononi, plastiki yake imebanduka pembeni.
Herufi kumi na nne kwenye kadi.
Kwenye kioo changu, kumi na mbili:
Tumuhimbisib.
Analisoma kwa sauti, anasita pale tulipokata,
kama mtu aliyefika darajani akakuta mbao mbili hazipo.

Nashuka chini, kwenye majedwali
ambayo hifadhidata imejiandikia habari zake yenyewe.
Huku hakuna lita wala mfugaji.
Huku safu ya jina haiitwi maandishi,
inaitwa 1043.
Tarehe ni 1082. Ndiyo-au-siyo ni 16.
Baba alikuwa na ng'ombe arobaini
na hakuna hata mmoja aliyempa nambari.
Bihogo, angeita, na Bihogo angeinua pembe.

Kando ya 1043 kuna nambari nyingine, kirekebishi:
16 tena, lakini si ile ya ndiyo-au-siyo.
Nambari huku ni kama mgeni,
uliza kwanza ameketi wapi.
Na usiiamini ilivyo. Toa nne,
hizo ni za mashine, ushuru wake
wa kubeba urefu wa neno mbele ya neno.
Zinabaki kumi na mbili.

Kuna mtu, mwaka fulani, alikalia kiti hiki,
akawaza jina refu kuliko yote aliyowahi kusikia,
akafika kumi na mbili, akaridhika.
Hakuwa wa huku.

Natazama na safu ya lita, kwa hasira tu.
1700, kirekebishi 327685.
Toa nne, gawa kwa 65536:
tarakimu tano, moja yao baada ya nukta.
Karibu lita elfu kumi kwa asubuhi moja!
Jeninah ana ng'ombe watatu.

Shuleni tulikariri ngeli mpaka koo zikakauka:
mtoto, kitoto, toto.
Mzizi ni ule ule; kilicho mbele yake
ndicho kinachokuambia umbebe au umkimbie.
Nilifaulu mtihani ule, nikausahau.

Safu ya maelezo, mwishoni kabisa, ni 25.
Kirekebishi: hasi moja.
Maana yake hakuna aliyeweka mpaka.
Mahali ambapo karani huandika "alichelewa, mvua"
pana nafasi ya kuandika ukoo mzima.

Nabadili safu ya jina. Sekunde mbili, labda tatu.
Jedwali linafunga mlango, linafungua.
Lakini upana haurudishi kilichokatwa,
mashine haikuweka vipande.
Namsogezea Jeninah kibodi.
Anazitafuta kwa kidole kimoja, polepole,
w, kisha e.

We.
Muda wote ulikuwa umekosekana wewe.

Hacheki. Anauliza pesa zitaingia lini.
Ijumaa, nasema,
na nje, kwenye benchi, wamebaki kumi.