Hamidi

Daktari Thuraya alisema *waram hamid*,
kalamu yake imesimama juu ya picha
pale kondo la nyuma lilipotoa nundu:
sentimita tano na nusu, mishipa mitupu,
nyekundu na buluu kwenye kioo cha mashine.

Bibi Raya, mzaliwa wa Wete,
ambaye Kiarabu chake, baada ya miaka arobaini Omani,
bado ni cha sokoni na cha sala,
alisogeza ushungi sikioni:
"Hamidi? Mbona mmeshampa jina?"

Nikacheka hadi jeli ikanitiririka ubavuni.
Basi akawa Hamidi,
mpangaji wa chumba cha uani, asiyelipa kodi.
Hamidi, kwa lugha yao, ni uvimbe mwema, usioua.
Lakini mwema naye hula.

Kila Jumapili, Ibra hadi Maskati,
saa mbili za lami na majabali meusi.
Moyo wako, mwanangu, kama kokwa ya tende,
ulisukuma damu ya wawili.
Daktari alipima mbio zake kichwani mwako.
"Damu ikiwa nyepesi hukimbia," alisema,
nami nikafikiria mtu mwenye deni
anayekatiza vichochoro.

Maji yakazidi. Tumbo likawa linanitangulia mlangoni.
Bibi akaweka kiganja juu ya kitovu changu:
"Mgeni siku mbili, Hamidi.
Wewe una wiki tisa.
Jembe liko nyuma ya mlango."

Usiku nilihesabu mateke.
Kumi, nalala.
Saba, nawasha taa, nakula tende, nasubiri la nane.

Ukaja wiki ya thelathini na sita,
kilo mbili na kidogo, mweupe kama karatasi,
kisha ukalia, ukashika rangi.
Sista Jessamma akapita na ndoo yenye kifuniko,
jina langu limebandikwa ubavuni.
Bibi alisimama ukumbini na kaniki yake iliyokunjwa.
Kwao kondo huzikwa, haliendi maabara.
Hakuna aliyemwambia. Hata mimi.

Majibu yalikuja siku ya kumi na moja,
mstari mmoja tu. Neno lilelile.
Nikamsomea, wewe unanyonya, jicho moja wazi.
Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga,
akaivaa tena.

"Na wamemzika wapi?"