Haijui Kusema Nimeshiba

Saa hii haikuwahi kuomba ufunguo.
Miaka ishirini na mitatu ilikula mkononi mwa Mwinchande,
mkono wa kushoto, pale makutano ya Faya:
simama wewe wa Jangwani,
njoo wewe wa Muhimbili,
na wewe mwenye semitrela, unakwenda wapi na moshi wote huo?
Kila lori lililotii liliisokota kamani kidogo.
Msafara mmoja wa ving'ora uliitosha hadi kesho.

Usiku aliiweka chini ya mto
nami nikinuna: hata kitandani kuna trafiki.

Ramadhani iliyopita, kati ya futari na tarawehe,
mkono ule ulilala, haukuamka.
Saa ikaendelea siku moja na nusu, haijaambiwa.
Ikasimama saa nne na dakika saba,
ya usiku au ya mchana, haikusema.

Fundi Shomvi akaifungua, akacheka kwa pua:
"Mama Sikudhani, haina ugonjwa. Ina njaa."
Akanionyesha kile kichwa kidogo cha pembeni
tunachokiita ufunguo ingawa hakifungui kitu.
"Zungusha mbele, ishirini na tano, thelathini.
Ila hesabu mwenyewe.
Hii ikijaa haikazi kama zile za zamani.
Haijui kusema nimeshiba."

Basi alfajiri, uji haujachemka,
naketi ukingoni mwa kitanda, Magomeni,
natega mshale mfupi kwenye tano,
mdomoni nasema kumi na moja.
Kisha kidole na gumba, kama nachambua mchele.
Kri. Kri. Kri.
Mafuta ya vitumbua yanateleza, nafuta kwa khanga.

Sikudhani aliwahi kuniambia: ivae wewe, mama,
itajijaza ukikanda unga.
Niliivaa Jumanne moja.
Jioni baba yake akaishika, akaitazama sana.
"Imelishwa na nani?"
akasema kwa upande wa mdomo uliobaki.
Sikurudia.

Kumi na nane, kumi na tisa...
barabarani mtu anapiga honi, hesabu inapotea,
naanza tena. Kuzidi hakuiumizi, fundi alisema,
lakini mimi nani amenihakikishia?

Mwinchande ananitazama toka kwenye mto.
Mkono wa kulia, usiowahi kuvaa saa,
unapanda polepole, kiganja mbele,
vidole vimenyooka.

Nasimama.
Hata semitrela ingesimama.