Saa Ishirini na Tatu

Bi Ackroyd alinipima Jumanne, mvua ya Wakefield dirishani,
kwa utepe wa karatasi, si futikamba:
kifundo, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko, kwapa.
Kila sentimita nne alama ya kalamu,
nami kwa mazoea nikawa namtajia namba
kabla hajazisoma.
"Wewe ni fundi?"
Nilikuwa.

Miaka kumi na tisa, Lindi, nimekata watu kwa macho:
bibi harusi aliyeficha mimba,
shehe aliyenenepa baina ya Idi na Idi,
na kila mmoja nilimwachia vidole viwili vya nafasi,
kwa kuwa mwili, nilifundishwa, haushonewi ulivyo leo.
Huyu anataka nguo isiyobakiza hata pumzi.

Hapa nilikuwa napiga pasi mashuka ya hospitali,
zamu ya usiku, kwenye mapipa ya moto yanayozunguka.
Bomba la mvuke lilipopasuka
sikuanza kwa maumivu, nilianza kwa harufu
ya pamba mbichi.
Wakanilaza. Nikageuza pindo la shuka.
Lilikuwa letu: uzi wa buluu, namba saba.

Wakabandua ngozi pajani, wakaitoboatoboa
ivutike kama wavu, wakaitandaza mkononi.
Kwetu husema nguo ya kuazima haisitiri matako;
aliyesema hakuwahi kuazima paja.
Kiraka kilishika siku ya tano.
Paja ndilo lililolia, wiki mbili,
kama mkopeshaji mlangoni.

"Sasa tukifundishe kulala," akasema Bi Ackroyd.
Kovu likiachwa huinuka, hukaza, hukunja kiwiko,
humgeuza mtu ndoana.
Basi libanwe: saa ishirini na tatu kwa siku,
mwaka mzima, pengine na nusu yake.

Mkono wa nguo ukaja kwa posta.
Lebo inasema: rangi ya ngozi.
Ngozi ya nani, sikuuliza.
Mishono yote imeachwa nje;
mwanafunzi wangu ningemfumulisha.
Kisha nikaelewa: ndani kuna mgeni
asiyestahimili kuguswa na uzi.

Usiku wa manane mwasho hubisha hodi
nami sina mlango wa kumfungulia.
Najipiga makofi juu ya kitambaa. Namtukana mtu nisiyemjua.
Mara mbili nimevua nusu, mpaka kiwiko,
nikaona alama za weft na warp—
hapana, kwa Kiswahili chetu: za mtande na mshindio—
zimechapwa kwenye nyama yangu. Nikavaa tena.

Desmond wa zamu yetu aliniletea mabua mekundu, machachu,
yaoteshwayo gizani kwenye mabanda nje ya mji
na kuvunwa kwa mishumaa.
Anasema ukitulia unayasikia yakikua: tik, tik.
Usiku ule nikaweka sikio mkononi.
Wewe usiharakishe, nikaunong'oneza.
Kua, lakini kwa adabu.

Saa moja ni yangu. Jioni, saa kumi na mbili,
navua, naosha, napaka mafuta,
nazungusha kidole gumba juu ya kiraka kwa nguvu mpaka kiwe cheupe.
Kisha natunga uzi sindanoni. Jana, mara ya sita, ukapita.
Sikushona kitu. Nilikaa tu nao.

Leo nimerudi. Nguo huchoka kabla ya kovu:
miezi mitatu, mpira umelegea.
Bi Ackroyd akanipa utepe. "Pima mwenyewe."
Nikapima. Kifundo, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko, kwapa.
Akaandika, akasita,
akapima tena palepale, akanitazama.
Nilikuwa nimeongeza vidole viwili.
Akafuta.