Umeniuliza Kama Unatoa Ulanzi

Hapana, Twilumba. Hautoi.
Nilijaribu mwaka wa nne, Septemba, jioni,
nikachonga ncha ya chipukizi kwa kisu cha jikoni,
nikaifungia chupa ya soda, maana mbeta sina.
Asubuhi nilikuta nzi mmoja
na tone ambalo huenda lilikuwa umande.
Huu ni mwanzi mwingine. Wa kijani, mnyoofu, hauna pombe moyoni.
Bwana Loc aliyeniuzia anauita kwa Kivietinamu
nami naitikia kama ninayeelewa.

Lakini umeuliza pia unavyopandwa.

Udongo wa Houston hauwahiwi ungali maji:
asubuhi ulimbo, jioni tofali.
Nilichimba shimo pana kama beseni la kumwogeshea mtoto,
si refu, kwa kuwa mizizi yake haipendi kuzama,
inapenda kutandaa chini kidogo ya ngozi ya ardhi.
Nikatia samadi ya farasi, pumba za mpunga magunia mawili,
kisha kipande cha shina chenye mzizi, urefu wa mkono wangu,
mwezi wa nne, baridi ilipokwisha kata tamaa.
Halafu maji. Kila siku, dada.
Nikitoka zamu ya usiku, macho yamejaa mchanga,
nilishika bomba kabla ya kushika mto.

Jirani, Bi. Guidry, akaja na barua.
Alisikia mianzi hutambaa, hupasua sakafu,
huibukia sebuleni kwa watu bila hodi.
Nikamwambia ipo ya namna hiyo, yenye miguu. Huu hukaa.
Mama yuko katikati, watoto wamemzunguka
wameshika pindo la kanga yake,
na kila mwaka duara huongezeka shubiri moja, basi.
Akapima kwa kamba. Mwaka uliofuata akapima tena.
Sikujua niusemee mwanzi au nijisemee mimi.

Ikaja ile Februari.
Umeme ulikatika siku tatu, mabomba yakapasuka,
tukachemsha theluji uani kwa jiko la mkaa.
Majani yakawa rangi ya chai ya maziwa,
upepo ukiyapitia yanalia kama karatasi.
Niligonga ufito, ukaitika mtupu;
ila mwanzi mzima nao ni mtupu,
kwa hiyo sikupata jibu.
Kila mtu alisema ng'oa.
Bwana Loc alisema kwenye simu maneno mawili:
kata, ngoja.

Nikaukata usawa wa kifundo cha mguu,
nikaufunika kwa majani yake mwenyewe.
Hayo usiyafagie kamwe,
ni shuka lake na ndicho chakula chake.
Machi, kimya. Aprili, kimya.
Nilitoka na tochi usiku, nikiona aibu hata kwa paka.

Mei tarehe kumi na tisa, nimelala mchana,
dirisha likagongwa. Bi. Guidry.
Nilimkuta amepiga magoti penye uzio, kamba yake mkononi,
hapimi chochote.
Saba, alisema. Nimeyahesabu mara mbili.
Machipukizi saba yamevaa maganda yenye vinyweleo,
membamba kama kalamu za shule.
Na hivyo ndivyo yatakavyobaki:
mwanzi huzaliwa na unene wake wote,
hurefuka tu, haunenepi.
Mnene ni mdogo wake, wa mwaka ujao,
na wa mwaka ule mwingine ni mnene zaidi.

Sasa nakata iliyotimiza miaka mitatu tu.
Mitano nilimpa Bi. Guidry asimamishie maharage.
Machanga siigusi, hata iwe imeinama njiani
nami nimebeba vyakula mikono miwili;
nainama nami, napita.

Ulanzi usinitumie, utachachukia Dar.
Nitumie mbeta moja,
ile ya baba yenye ufa.
Haitashika kitu, najua.
Nataka kuiweka sawa na huu wa hapa
nione pingili zipi ni ndefu.